Ubao Usio na Jina: Ushahidi wa Picha Tatu za Madhabahu

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana tunakutana na mtu aliyezaliwa kipofu, akihojiwa na wakuu wa dini. Wanataka aseme aliyemponya ni mtu wa namna gani. Yeye hana elimu wala cheo. Anajibu kwa lile analolijua: alikuwa haoni, na sasa anaona. Kwa lile asilolijua anasema wazi kwamba halijui. Wanamrudia mara ya pili, wanamkaripia, mwisho wanamtoa nje. Lakini haongezi neno ili wamsifu, wala hapunguzi neno ili wamwache. Huyo ni shahidi mwema.

Tumeanza naye kwa sababu katika insha hii tunataka kuzungumza juu ya mashahidi wengine, wasio na midomo. Ni picha za zamani za makanisani, kazi za mafundi ambao hawakuandika majina yao wala mwaka. Picha kama hizo ziko katika nchi nyingi: ubao umechorwa, umepakwa dhahabu, umepambwa kwa plasta na vipande vya kioo, unatazama waumini kutoka ukutani, na hakuna anayeweza kusema ulitoka kwa nani. Waumini huuliza: Nani aliutengeneza? Lini? Kwa ajili ya nani? Na mara nyingi hujibiwa kwa kukisia, kisha makisio yakirudiwa miaka 20 huitwa historia.

Je, kitu kisicho na jina kinaweza kutoa ushahidi wa kweli? Na kikiutoa, sisi watu wa imani tuko tayari kuupokea wote, pamoja na sehemu isiyotupendeza? Ili kujibu tumechagua mbao tatu kutoka Uingereza. Zote ni za zama za kati, zote zilisimama nyuma ya madhabahu, na hakuna hata moja yenye sahihi. Tena zote tatu zilisahauliwa kwa muda mrefu zikawa vitu vya kawaida: moja iligeuzwa kabati, ya pili ikalala darini katika banda la farasi, ya tatu ikawa meza. Kila moja ilitambuliwa kwa njia yake, na kila moja ina funzo lake.

Kabati la Westminster

Mfalme Henry III wa Uingereza alianza kulijenga upya kanisa la Abasia ya Westminster, mjini London, mwaka 1245. Kanisa hilo liliwekwa wakfu tarehe 13 Oktoba 1269. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1540, jumuiya ya watawa ilivunjwa kwa amri ya serikali, na katika miaka iliyofuata madhabahu na picha nyingi ziliondolewa katika makanisa ya nchi hiyo. Ubao mmoja wa mwaloni, wenye urefu wa zaidi ya mita 3 na kimo kinachokaribia mita 1, haukuchomwa. Ulikuwa mbao nzuri, na mbao nzuri haikosi kazi. Ukatumika kutengenezea kabati la kuwekea sanamu za watu mashuhuri waliozikwa humo. Sehemu kubwa ya picha ilikwanguliwa au kupakwa rangi nyingine juu. Mwaka 1827 msanifu majengo Edward Blore aliutambua kuwa ni kitu cha thamani, ukaanza kutunzwa.

Waliouchunguza hawakuanza kwa kutafuta jina la fundi. Walianza kwa kuuliza: umetengenezwa kwa nini? Hilo ndilo swali la kwanza kwa kazi yoyote isiyo na sahihi, kwa sababu mti, gundi na rangi havina sababu ya kudanganya. Juu ya mwaloni kulikuwa na tabaka jeupe laini la kupokea rangi. Juu yake dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko karatasi, na rangi zilizochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Katika fremu na kati ya picha kulikuwa na vipande vya kioo vilivyopambwa ili vifanane na kazi ghali ya wafua dhahabu, pamoja na vito vya kuiga. Basi haukuwa mchoro tu. Kazi ya seremala, ya mchoraji, ya mpaka dhahabu na ya fundi wa vioo zote zilikutana hapo.

Mapambo ya namna hiyo, yaani kioo na dhahabu pamoja, yanaonekana pia katika kanisa la Sainte-Chapelle mjini Paris, lililowekwa wakfu mwaka 1248. Aliyelijenga ni Mfalme Louis IX wa Ufaransa, na yeye na Henry III walikuwa wameoa ndugu wa tumbo moja, Margaret na Eleanor wa Provence. Henry alifika Paris mwaka 1254, akarudi tena mwaka 1259. Hapo tunaanza kuona jinsi mtindo wa Paris ulivyoweza kuvuka bahari.

Swali la pili ni hili: ni nani waliomo katika picha? Katikati amesimama Kristo akiwa na dunia mkononi, na ndani ya tufe hilo dogo fundi alichora viumbe wadogo ambao mtu hawezi kuwaona vizuri bila kusogea karibu kabisa. Pembeni mwake wapo Mariamu na Yohana. Mwisho wa upande wa kushoto yupo Petro na ufunguo wake. Sasa kanisa la Westminster limewekwa chini ya jina la Mtakatifu Petro. Kwa hiyo mtume huyo ni kama anwani: anatuonyesha kwamba ubao haukuletwa kutoka kanisa lingine kwa bahati, bali ulikuwa nyumbani.

Swali la tatu linahusu mahali penyewe. Mbele ya madhabahu kuu ya Westminster iko sakafu ya vipande vya mawe ya rangi iliyotandazwa mwaka 1268, mwaka mmoja kabla ya kanisa kuwekwa wakfu. Madhabahu iliyotengenezewa sakafu kama hiyo ilistahili ubao kama huu. Kwa kuunganisha vifaa, watu waliomo na mahali, wataalamu wameuweka ubao huu katika nusu ya pili ya karne ya 13, kati ya mwaka 1259 hivi na 1280. Ndio ubao wa madhabahu uliochorwa wa zamani kuliko wote uliosalia Uingereza.

Hapa tujifunze jambo moja kuhusu kanuni. Mwaka 1550 Mwitalia Giorgio Vasari aliandika kitabu chake maarufu juu ya maisha ya wasanii, akamtaja Jan van Eyck wa karne ya 15 kuwa ndiye aliyevumbua uchoraji wa rangi za mafuta. Watu waliamini hivyo kwa vizazi vingi. Mtu aliyeshika kanuni hiyo, akikuta mafuta katika ubao wa Westminster, angesema hauwezi kuwa wa kabla ya karne ya 15, naye angekosea kwa zaidi ya miaka 100. Ubao ulikuwa na haki, kanuni ndiyo iliyokosea. Tukishika kanuni, tuishike kama fimbo ya kutembelea. Tusiifanye kuwa hakimu.

Kati ya mwaka 1998 na 2005 ubao huu ulisafishwa na kutengenezwa na wataalamu wa taasisi ya Hamilton Kerr ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha ukaonyeshwa katika jumba la picha la National Gallery, London. Walichofanya kinatukumbusha yule kipofu aliyeponywa. Waliondoa uchafu na kuimarisha rangi iliyobaki, lakini mahali palipokuwa na pengo waliliacha pengo. Hawakumchora Kristo upya mahali alipofutika. Upande wa kulia umepotea karibu wote, nao umeachwa hivyo. Anayeutazama leo anajua kwamba kila anachokiona ni kazi ya mikono ya karne ya 13.

Banda la Farasi la Thornham

Mwaka 1927, katika kijiji cha Thornham Parva, mkoa wa Suffolk, mbao zilizochorwa ziligunduliwa darini katika banda la farasi la nyumba ya kabaila mmoja. Zilitolewa kwa kanisa dogo la kijiji, kanisa la Mtakatifu Maria lenye paa la nyasi, na huko ndiko ziliko mpaka leo. Hapa hapakuwa na mfalme wala kumbukumbu ya sherehe. Ushahidi ulitoka kwa watakatifu wenyewe.

Katikati ni Kristo msalabani, pamoja na Mariamu na Yohana. Kulia na kushoto wamesimama watakatifu wanane: Dominiko, Katarina, Yohana Mbatizaji na Petro, kisha Paulo, Edmund, Margareta na Petro Mfiadini. Wengi wao wangeweza kuchorwa popote katika Ulaya ya wakati ule. Lakini watatu kati yao wanazungumza zaidi.

Edmund alikuwa mfalme wa Anglia Mashariki aliyeuawa mwaka 869, na heshima yake ilikuwa kubwa katika eneo hilohilo la mashariki ya Uingereza. Yeye anataja mkoa. Dominiko ndiye mwanzilishi wa shirika la Wahubiri, na Petro Mfiadini ni mtawa wa shirika hilo. Wawili hao wamewekwa mwanzoni na mwishoni mwa safu, kama wenye nyumba wanaosimama mlangoni. Wao wanataja shirika. Tena Petro Mfiadini aliuawa mwaka 1252, akatangazwa mtakatifu mwaka 1253. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumchora miongoni mwa watakatifu kabla ya hapo.

Hii ni kanuni ambayo kila mmoja wetu anaweza kuikumbuka: picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kichanga zaidi kilichomo ndani yake. Tukikuta katika picha rangi ya buluu ya Prussia, iliyovumbuliwa mwanzoni mwa karne ya 18, basi rangi hiyo haikupakwa na fundi wa zama za kati, hata kama mti ni wa kale. Tukikuta rangi nyeupe ya titani, tuko katika karne ya 20. Na wataalamu wakihesabu miviringo ya mti katika ubao wa mwaloni, wanaweza kujua mti ulikuwa bado unaishi mwaka gani. Ila nao wanakumbuka kwamba mti ukishakatwa unaweza kukaa miaka kabla ya kuchorwa, na kwamba picha mpya inaweza kuchorwa juu ya ubao mkongwe. Mti hutoa tarehe yake, si ya picha.

Kwa ubao wa Thornham, mtindo wa kuchora nyuso na mavazi uliwaelekeza wataalamu kwenye miaka ya 1330. Na katika mji wa Thetford, si mbali na hapo, nyumba ya Wadominiko ilianzishwa mwaka 1335. Mambo haya yanakubaliana vizuri, ndiyo maana wengi wanaamini ubao ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Ajabu zaidi, mwenzake yuko Paris: katika jumba la makumbusho la Cluny umo ubao mwingine, wenye habari za maisha ya Mariamu, ambao wataalamu wameutambua kuwa ulitengenezwa pamoja na huu. Huenda mmoja ulisimama juu na nyuma ya madhabahu, na mwingine mbele yake chini. Nyumba za watawa hao zilifungwa zote katika miaka ya 1530, na ndugu wawili wakatengana, mmoja akavuka bahari na mwingine akaishia juu ya vichwa vya farasi.

Meza ya Norwich

Tumefika kwenye ubao wa tatu, nao ndio mgumu kwetu. Uko katika kanisa kuu la Norwich, mkoa wa Norfolk. Una picha tano mfululizo: Kristo anapigwa mijeledi, anabeba msalaba, anasulubiwa, anafufuka, anapaa mbinguni. Nyuma ya watu, dhahabu imepambwa kwa nakshi zilizoinuliwa. Wakati fulani katika miaka ya misukosuko mtu aliukata ukingo wa juu, akaugeuza kifudifudi, akauwekea miguu, ukawa meza. Msumeno ulipita mahali pa kichwa cha Msulubiwa. Watu waliweka vitu vyao juu ya mgongo wa ubao bila kujua nini kilikuwa chini, mpaka mwaka 1847 ulipogunduliwa. Kugeuzwa meza ndiko kulikouponya: katika mwaka 1643, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kanisa hilo lilivamiwa na mapambo yake mengi yakavunjwa.

Hapa fremu ndiyo iliyotoa ushahidi. Imepambwa kwa vipande vya kioo vyenye nembo za koo za wakubwa wa wakati ule. Zamani hizo ngao ya ukoo ilifanya kazi kama muhuri: aliyejua kuisoma alijua mwenye nayo. Mojawapo ni ya Henry Despenser, aliyekuwa Askofu wa Norwich tangu mwaka 1370 mpaka alipofariki mwaka 1406. Miongoni mwa nyingine imetambuliwa ya Stephen Hales, bwana mkubwa wa Norfolk. Basi ngao zinatupa miaka na watu: ni kazi ya mwisho wa karne ya 14, na waliotoa fedha ni askofu na matajiri wa mkoa wake.

Tukisimama hapo tungefurahi na kwenda zetu. Lakini anayejua mwaka lazima aulize kilichotokea katika mwaka huo.

Tauni kubwa iliyoingia Uingereza mwaka 1348 iliua watu wengi mno. Wafanyakazi wakawa wachache, wakadai ujira zaidi. Sheria ya mwaka 1351 ikawazuia. Mwaka 1380 bunge likaweka kodi ya kichwa ya shilingi moja kwa kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 15, maskini kwa tajiri. Mwezi Juni 1381 wakulima na mafundi wakaasi. Katika Norfolk kiongozi wao alikuwa Geoffrey Litster, mtu wa kazi ya kutia nguo rangi. Waasi waliingia Norwich, wakafanya uporaji, na damu ilimwagika. Waliwakamata mabwana kadhaa na kuwalazimisha kumtumikia Litster mezani. Mmoja wa mabwana hao alikuwa Stephen Hales, yule ambaye ngao yake iko katika fremu.

Askofu Despenser hakupeleka mjumbe. Alivaa silaha, akaongoza askari mwenyewe, akawapiga waasi huko North Walsham. Litster alihukumiwa kifo. Mtawa Thomas Walsingham, aliyeandika habari za miaka hiyo, anasimulia kwamba askofu alimsikiliza Litster maungamo yake na kumpa ondoleo. Kisha mtu huyo alipokuwa akikokotwa chini kupelekwa kunyongwa, askofu alitembea naye akikishika kichwa chake kisigonge ardhi.

Tusome tena sentensi hiyo polepole. Mkono uliotia sahihi ya kifo ndio uliokiinua kichwa. Na jina la mwenye mkono huo liko katika fremu ya picha ya Kristo anayepigwa na askari, anayekokotwa na msalaba wake.

Watu wengi wamesema ubao huu ulikuwa sadaka ya shukrani kwa kushindwa kwa waasi. Miaka na majina vinaruhusu kufikiri hivyo. Lakini tukumbuke mpaka wa ushahidi. Ngao hutaja mtoaji. Moyo wake haiutaji. Walioweka ngao hizo walikuwa pamoja katika siku za uasi, hilo linajulikana. Kama walitoa kwa shukrani, kwa majivuno, kwa toba au kwa mazoea ya matajiri wa wakati ule, kioo hakisemi. Shahidi mwema huishia hapo anapoishia ushahidi.

Hata hivyo, tunachokijua kinatosha kutuuliza swali. Kanisa lifanye nini na picha nzuri iliyolipiwa na mikono ya namna hiyo? Wapo watakaosema tusitaje mwaka 1381. Tuite picha ya kale, inatosha. Wapo watakaosema iondolewe. Sisi tunaona njia zote mbili zinakwepa jambo lilelile. Anayeficha historia anaogopa ukweli utaiua picha, na anayeiondoa picha anadhani ukweli umeshaiua. Lakini picha yenyewe ilikuwa imesema zaidi ya walioilipia. Waliagiza Kristo mteswa, na Kristo mteswa hawezi kusimama upande wa mjeledi. Kila asubuhi askofu au kasisi aliyekuja mbele ya ubao ule alimwona mtu aliyefungwa akipigwa kwa amri ya wenye mamlaka. Mahubiri hayo hayakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Tena tusimsahau mchoraji. Jina la askofu tunalo, la Hales tunalo, na kwa huzuni la Litster tunalo. La fundi halimo. Alikuwa mtu wa rangi, kama Litster alivyokuwa mtu wa rangi. Pengine alinunua dawa za rangi katika masoko yaleyale. Ngao zinashuhudia waliotoa fedha, lakini nyuso za picha zinashuhudia mtu aliyezitafakari Injili kwa brashi, akitumia siku nyingi juu ya mkunjo mmoja wa vazi. Mungu anawajua wote wanne.

Leo ubao wa Norwich unasimama nyuma ya madhabahu katika kikanisa cha Mtakatifu Luka ndani ya kanisa kuu. Luka ndiye mwinjilisti anayetuambia mwanzoni mwa kitabu chake kwamba alichunguza mambo yote kwa makini tangu mwanzo, kisha akayaandika kwa taratibu. Mapokeo ya kanisa yamemfanya pia kuwa msimamizi wa wachoraji. Hatujui mahali panapofaa zaidi.

Picha Zilizo Kwetu

Katika makanisa yetu pia ziko kazi zisizo na jina: msalaba wa kuchonga, picha ya Yesu na watoto katika chumba cha shule ya Jumapili, ubao wenye shanga na plasta uliopokewa na wazee waliokwisha kututangulia. Nyingine zimewekwa stoo nyuma ya viti vilivyovunjika. Si lazima ziwe na miaka 700 ndipo zistahili kuulizwa. Na maswali ni yaleyale.

Kwanza, tusiioshe. Kitambaa chenye maji na sabuni kinaweza kufuta kwa dakika moja kile kilichovumilia nusu karne. Tuitazame mbele, kisha tuigeuze tutazame nyuma, maana mgongo wa picha husema mengi kuliko uso: aina ya mbao, misumari, karatasi ya duka la fremu, mwandiko wa penseli. Tuulize ni nani waliomo, na kwa nini hao. Tutafute kitu kichanga kuliko vyote.

Pili, tutafute picha za harusi na za kipaimara zilizopigwa ndani ya kanisa. Wengi wanazo majumbani, zikiwa na mwaka nyuma yake. Ikiwa bibi na bwana arusi wa mwaka fulani wamesimama na ule ubao unaonekana ukutani nyuma yao, basi tunajua kwamba mwaka huo ulikuwa umeshafika. Tukipata nyingine ya miaka michache kabla, na ukuta ni mtupu, tumeubana ukweli pande mbili. Vitabu vya mikutano ya baraza na vya sadaka vinaweza kumaliza kazi.

Tatu, tuwaulize wazee, kila mmoja peke yake, kabla hawajasikia jibu la mwenzao. Tuandike alichosema kila mmoja na siku aliyosema. Kisha tuandike karatasi moja, ikae pamoja na picha, tukitenga wazi yale tunayoyajua, yale tunayodhani, na yale tuliyosimuliwa. Anayekuja baada yetu atatushukuru zaidi kwa kumtengenezea mipaka hiyo kuliko kwa kumpa hadithi nzuri isiyo na msingi.

Na tukigundua kwamba aliyeitoa picha aliwahi kuwadhulumu watu wa mahali hapo, tuandike hilo pia. Tuliandike bila kupiga kelele na bila kulifunika. Kanisa linalosoma kila mwaka habari za Petro aliyekana mara tatu, na za Daudi na mke wa Uria, halina sababu ya kuogopa fremu ya picha. Maandiko yetu hayakuwafutia mababa wa imani aibu zao, na imani haikufa kwa sababu hiyo.

Tumalizie kwa kurudi kidogo Westminster. Ule ubao wa kabati ulikuwa na miujiza ya Bwana katika vijipicha vyenye umbo la nyota. Vingi vimefutika. Vinavyosomeka bado ni vitatu: binti Yairo anafufuliwa, kipofu anaponywa, na watu 5,000 wanalishwa. Hakuna aliyepanga kwamba vibaki hivyo. Seremala wa kabati hakuchagua. Lakini sisi tunaosoma Yohana sura ya 6 tunajua kwamba watu wote waliposhiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia, pasipotee kitu. Walikuwa na mikate mitano tu ya shayiri, na muujiza ulikuwa umekwisha kufanyika. Mtu mwingine angeliacha makombo kwa ndege. Wao waliinama kwenye majani, wakaokota, wakajaza vikapu 12, na hawakutia ndani ya vikapu mkate ambao haukuwa wa siku ile.